Ada ya chama cha wanawake wa saluni: uilipe sasa au usubiri?

Ukifungua saluni Dar es Salaam, hata ya kiti kimoja cha kukodi, hutakaa muda kabla hujaalikwa kujiunga na kitu. Chama cha wanawake wa urembo kinatafuta wanachama, VICOBA ya mtaa ina nafasi, SACCOS nayo ipo, na jirani anasema tuandikishe kikundi tupate mkopo wa halmashauri. Pesa ya kuingia kote huna. Mimi ningeanza na kikundi kidogo, nikafuatia na cheti cha ufundi, na chama cha taaluma kingesubiri.

Tuanze na hicho chama, maana ndicho chenye gharama zilizojificha. Ukiuliza bei utaambiwa ada ya mwaka tu. Tuseme ni shilingi 50,000. Ongeza kiingilio 20,000, kitambulisho 10,000 na fulana ya chama 25,000. Mikutano minne, nauli 3,000 kila mmoja, ni 12,000. Mingi huitwa Jumamosi, siku ambayo msusi hana muda hata wa kula. Ukipoteza Jumamosi mbili za faida ya 40,000, hiyo ni 80,000 nyingine. Mwaka wa kwanza umekugharimu 197,000, na hapo sijagusa michango ya sherehe na misiba.

Watakwambia pesa hiyo inarudi kwa punguzo la bidhaa. Fanya hesabu. Kwa punguzo la asilimia 10, lazima ununue dawa, rasta na mafuta ya 1,970,000 kwa mwaka ndipo urudishe ulichotoa, yaani kama 164,000 kila mwezi. Saluni yenye viti vinne inafika. Msusi anayenunua pakiti za rasta mteja akishakaa kitini hafiki. Tena uliza punguzo ni la bei gani. Kama duka la chama linapunguza bei ya rejareja, huenda Kariakoo ukichukua dazeni na wenzako mkapata nafuu kubwa zaidi bila kulipa ada kwa mtu.

Cheti cha uanachama nacho kinapambwa kupita thamani yake. Kinaonyesha umelipa ada, na ukiacha kulipa kimekwisha. Cheti cha ufundi hakiishi hivyo. VETA ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi, ambapo fundi aliyejifunzia kazini hupimwa kwa anachokijua bila kuanza darasani upya. Nenda chuo kilicho karibu, uliza kama wanapima ususi na urembo, ada ni kiasi gani, na vifaa vya mtihani analeta nani. Hilo la mwisho usilisahau, kwa sababu dawa na nywele za kufanyia mtihani huweza kuongeza gharama. Hata hivyo, ukihama mtaa au ukitafuta kazi kwenye saluni ya hoteli, cheti hicho unakwenda nacho.

Kwa mtaji, VICOBA ndiyo iliyo karibu kuliko zote. Ukinunua hisa za 10,000 kwa wiki, mwaka unaisha una 520,000 zako, pamoja na gawio la riba mlizotozana wenyewe. Usichorudishiwa kwa kawaida ni mfuko wa jamii na faini za kuchelewa. Elfu moja kila wiki ni 52,000 kwa mwaka, na ni sawa kama kweli mnasaidiana kwenye ugonjwa. Angalia riba: mkopo wa 300,000 kwa asilimia 10 kila mwezi, miezi mitatu, unazaa 90,000. Ni ghali, lakini sehemu yake inarudi kwenye gawio lenu. Riba ya kausha damu hairudi, na draya yako inaweza kuondoka nayo. Kabla ya kuingia, uliza kisanduku kina kufuli ngapi na funguo zinakaa kwa nani. Funguo zote zikikaa kwa mtu mmoja, tafuta kikundi kingine.

SACCOS iliyo na leseni huwa na riba nafuu na vitabu vinavyokaguliwa. Shida yake ni kasi. Nyingi hutaka hisa na akiba ya miezi kadhaa kabla hujakopa, kwa hiyo haimfai mtu ambaye kodi ya fremu imemfika shingoni.

Mkopo wa halmashauri ndio wa bei ndogo kuliko yote, kwa kuwa hauna riba. Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, kifungu cha 37A kilichoongezwa 2018, inatenga asilimia 10 ya mapato ya ndani, na asilimia 4 ni ya wanawake. Lakini usipange kodi ya mwezi ujao juu yake. Mwaka 2023 mikopo hiyo ilisimamishwa nchi nzima, na hata ikitoka, foleni ni ndefu. Kuna katiba ya kikundi, muhtasari wa vikao, akaunti ya benki na nauli za kwenda kata na kurudi. Zaidi ya yote mnadaiwa pamoja: mwenzako akihamia Mwanza kimya kimya, deni lake linabaki kwenu.

Ndiyo maana nasema wasusi wa mtaa mmoja wajiandikishe kikundi kwa Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata. Kikundi hicho kinaweka akiba, kinanunua bidhaa kwa dazeni, na kinaomba mkopo usio na riba. Usajili mmoja, faida tatu.

Chama cha taaluma kinastahili pesa yako pale kinapofundisha kitu ambacho mtaa haukifundishi. Zebaki na haidrokwinoni zimepigwa marufuku kwenye vipodozi nchini, lakini mkorogo bado unauzwa, na anayeushika kila siku kwa mikono ni wewe. Semina ya kusoma lebo na kutumia dawa kwa usalama inalipa. Semina inayoishia kwa kuuziwa katoni ya muuzaji aliyeidhamini hailipi.

Kabla ya kutoa hata shilingi, omba cheti cha usajili wa chama kutoka kwa Msajili wa Jumuiya na taarifa ya mapato na matumizi ya mwaka uliopita. Kisha omba kuhudhuria mkutano mmoja kama mgeni, na ulipe kwa akaunti ya chama, kamwe si kwa namba ya simu ya kiongozi.