Jenerali Tombeur: kushinda vita, kisha kulisha watu

Wandugu, hapa Kalemie wengi tunajua hadithi ya meli Götzen, ile Wajerumani walizamisha wenyewe kule Kigoma mwezi wa 7, 1916. Lakini ukiuliza nani aliongoza Force Publique, na kisha kushinda alifanya kazi gani, tunanyamaza.

Ni Charles Tombeur, Mbelgiji, mzaliwa wa Liège, 1867. Mwezi wa 4, 1916 askari wake waliingia koloni la Wajerumani. Kikosi cha Molitor kilifika Kigali mwezi wa 5. Kile cha Olsen kilichukua Kigoma mwisho wa mwezi wa 7. Reli ya Kabalo, iliyofika hapa kwetu 1915, ndiyo iliyopitisha vyombo vya vita mpaka ziwani. Tarehe 19/9 Tabora ikaanguka.

Tombeur alikuwa pia gavana wa kijeshi wa nchi zile. Juu ya nini? Jeshi haliwezi kukaa katika nchi ya watu bila mtu wa kuamua mashauri, kodi, njia na chakula. Mwisho wa mwaka Malfeyt alishika kazi hiyo. Waingereza walikabidhiwa Tabora 1917 na Kigoma 1921. Rwanda na Urundi zikabaki kwa Wabelgiji.

Mimi nilisoma agronomia, basi naangalia upande wa chakula. Wakongo karibu 260,000 walibeba mizigo katika vita ile. Tufanye hesabu: mpagazi anabeba kilo 25, anakula karibu kilo moja kwa siku. Akitembea siku 12 kwenda na 12 kurudi, amemaliza karibu mzigo wote kama ni unga. Kwa hiyo jeshi linakula mashamba ya njiani. Na kule mpagazi alikotoka, shamba lake limekosa mikono. Kaskazini-magharibi mwa Rwanda, ukame na vita vilileta njaa ya Rumanura, 1916 mpaka 1918. Anayekamata nchi anakamata na njaa yake.

Tombeur alirudi kuongoza Katanga, na Albertville, ndiyo Kalemie ya leo, ilikuwa ndani yake. Mwaka 1926 mfalme alimpa jina la heshima: Tombeur de Tabora. Wapagazi wetu, majina yao yanakaa kwa wazee tu.

Kama kwenu kuna babu aliyebeba mzigo ule, ulizeni leo: alitoka kijiji gani, alifika wapi, alirudi? Andikeni, kabla wazee hawajaisha.