Mfupa wa Bega la Ngamia

Wanangu, kabla sijawatajia mwandishi yeyote, nataka mfikirie mfupa. Si wa supu. Ni wa bega la ngamia, mpana kama sahani, umesuguliwa mpaka ukawa mweupe na laini. Unguja ya zamani, mtoto aliyejifunza kuandika hakupewa daftari. Alipewa mfupa huo, kalamu ya tete na wino.

Nimesema "mtoto", basi nijisahihishe: mtoto wa kiume. Mabinti wa jumba la Sultani walifundishwa kusoma Kurani, wakaishia hapo. Kuandika hakukuwa kazi yao. Binti akijua kuandika, nani ajuaye atamwandikia nani?

Katika jumba la Mtoni, mwaka 1844, alizaliwa binti mmoja wa Sultani Seyyid Said, jina lake Salme. Huyu hakukubali kuishia kwenye kusoma. Alitafuta mfupa wake, akafunua Kurani, akawa ananakili herufi moja moja kwa siri. Siri ilipofichuka alilaumiwa sana. Lakini mkono ulikwisha jifunza, na huwezi kuuambia mkono usahau.

Sasa sikilizeni kisa kilivyogeuka. Baba akafariki mwaka 1856. Miaka mitatu baadaye mwanawe Barghash akafanya njama za kumpindua kaka yake Majid, aliyekuwa amekalia kiti. Njama zinahitaji barua. Nani aandike? Wakubwa walitazamana, kisha wakamtazama yule binti wa miaka 15 aliyelaumiwa kwa kujua kalamu. Salme akawa karani wa uasi! Uasi ukashindwa, na nyumba ya ndugu ikabaki na nyufa.

Baadaye Salme alimpenda mfanyabiashara Mjerumani. Mwaka 1866 alitoroka kwa meli ya Waingereza, na huko Aden akabatizwa, akaolewa, akapata jina jipya: Emily Ruete. Wakahamia Hamburg. Mwaka 1870 mumewe akafa katika ajali ya tramu. Akabaki mjane kwenye baridi, na watoto watatu wadogo ambao hawakujua mama yao ametoka wapi, ila kwamba ni Mwarabu wa Zanzibar.

Alikuwa amechoka mwili na roho, akadhani hataishi mpaka watoto wakue awasimulie mwenyewe. Basi akaandika. Aliandika kwa Kijerumani juu ya jumba la Mtoni, mama yake, vyakula, sikukuu, mapenzi na ugomvi wa ndugu. Kitabu kilichapwa Berlin mwaka 1886. Ndani yake anajiuliza swali zito: aliondoka kwao akiwa Mwarabu kamili na Muislamu, je, leo ni nani? Ulaya walimwona mgeni. Na alipokanyaga tena Unguja mwaka 1885, Barghash, yule yule aliyeandikiwa barua, sasa ni Sultani, alikataa kumwona.

Lakini msimmeze mzima mzima. Alipoandika juu ya utumwa aliutetea, kwa sababu aliutazama kwa macho ya aliyehudumiwa. Aliyekuwa akibeba maji angeandika kitabu kingine. Mwandishi anapotufungulia mlango wa nyumba yake, nasi tuangalie ni chumba gani hakutuingiza.

Haya, tupande jahazi twende kaskazini, mpaka Siyu, katika kisiwa cha Pate. Huko aliishi Mwana Kupona binti Msham. Mumewe, Bwana Mataka, alikuwa mtawala wa Siyu, na adui yake mkubwa alikuwa nani? Seyyid Said, baba yake Salme! Majeshi ya Sultani yalikwenda Siyu na Siyu ikapigana. Kwa hiyo wanawake hawa wawili walitoka pande mbili za vita moja. Na tazameni walivyofanana.

Mwaka 1858 Mwana Kupona alikuwa mjane na mgonjwa; maradhi yalikuwa yamemshika mwaka mzima. Naye alidhani hatapona. Akamwita binti yake, Mwana Hashima, akamwambia asogee karibu na alete wino na karatasi. Kisha akamtungia utenzi wa beti zipatazo mia moja. Kila beti ina mistari minne, kila mstari mizani nane, vina vya mistari mitatu ya mwanzo vinakubaliana, na mstari wa mwisho unarudi kwenye kina kile kile kuanzia beti ya kwanza hadi ya mwisho. Ni kama shanga zilizotungwa kwenye uzi mmoja, na yeye mwenyewe anayafananisha maneno yake na kidani cha kumvisha mwanawe.

Kidani hicho kina nini? Kuna dini, adabu na kuwasaidia maskini. Kisha kuna mume: usimwamshe kwa kelele, mkande, mnyoe, mfukizie udi asubuhi na jioni, umridhishe ili akutakie pepo. Nawaona wengine mmekunja nyuso. Hamko peke yenu. Wasomaji wamevutana juu ya beti hizo kwa miaka mingi. Kuna wasemao Mwana Kupona alimfunga binti yake kamba. Kuna wasemao alimpa ujanja wa kuishi salama mahali ambapo mume alikuwa ndiye mlango wa kila kitu.

Mimi nawaombeni mtazame jambo moja tu. Nyumba ile ilikuwa imetoka kwenye vita, baba amekufa, mama anaondoka. Urithi aliouacha mama ulikuwa maneno, nayo ameyapanga kwa ustadi. Mwishoni anawaita wanawake wengine nao wasome. Mwanamke anayefundisha utii, papo hapo anashika kalamu na kuwa mwalimu wa wanawake wenzake. Mambo hayo mawili yamekaa ndani ya mtu mmoja, wala hayakumpasua.

Karne moja na zaidi ikapita. Kwenye Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Penina Muhando, ambaye pia anaitwa Penina Mlama, akaandika tamthilia iitwayo Nguzo Mama, iliyochapishwa mwaka 1982. Pale kijijini Patata kuna nguzo imelala chini. Wanawake wanaambiwa waisimamishe. Wanakuja, wanashika, wanavuta. Lakini kila mmoja ana mzigo wake nyumbani: huyu pesa zake zinaishia kwenye ulevi wa mume, yule kafiwa na mume na shemeji wanakuja kubeba mali. Wanaachia, wanarudi, wanagombana wenyewe kwa wenyewe. Nguzo haisimami. Pazia linafungwa nguzo ikiwa bado chini, nanyi mlioketi ukumbini mnawashwa kuinuka mkaishike.

Baadaye mama huyo alipeleka sanaa shuleni. Katika mradi ulioanza mwaka 1996 kwa jina la Tuseme, wasichana wa sekondari walichunguza wenyewe yanayowazuia kusoma, wakayatungia michezo, wakayaigiza mbele ya walimu. Pimeni safari hiyo: kutoka mfupa uliofichwa mpaka jukwaa la shule.

Wahenga walisema siri ya mtungi aijuaye kata. Watu wengi wanapita wakiusifu mtungi kwa nje, umbo lake na mapambo yake. Kata ndiyo inayoingia ndani na kujua maji ni mengi au yamebaki matope. Kwa muda mrefu mwanamke alikuwa kata ya nyumba: alijua kila kitu, akatakiwa anyamaze. Mwana Kupona, Salme na Penina hawakukubaliana juu ya ndoa, wala dini, wala jinsi ya kuishi. Walichoshirikiana ni kwamba kata ilisema.

Jioni ya leo, bibi au shangazi akikaa kuchambua mchele, sogea karibu naye. Muulize: ulipokuwa na umri wangu, walikukataza nini, na ulifanyaje? Usimkatize. Akinyamaza, chambua mchele naye kidogo, atarudi mwenyewe. Kisha andika, na uandike pia pale alipocheka na pale alipoinamisha uso.

Daftari unalo. Mwenzako alianza na mfupa.