Siku ya Malipo na Morali ya Wafanyakazi Wako

Unaendesha hoteli Wote, una shamba la maembe upande wa Kalamba, ama duka la vifaa vya ujenzi Mwingi. Watu wako walianza kazi na moto. Mwezi wa tatu umefika, wanaingia saa mbili na nusu badala ya saa moja, na wengine hata simu hawapokei. Kabla hujashona fulana zenye jina la biashara ama kupanga nyama choma ya Desemba, hebu angalia kwanza vile unavyowalipa.

Ukambani tuna mfano wetu. Enzi za mkoloni watu walilazimishwa kuchimba matuta ya kuzuia mmomonyoko, na wengi waliifanya kazi hiyo shingo upande. Baadaye vikundi vya mwethya vilichimba matuta ya fanya juu bila kulazimishwa. Jembe lile lile, jua lile lile. Tofauti ni kwamba kwenye mwethya kila mtu anajua leo tuko kwa nani na zamu yake inakuja lini.

Mfanyakazi wako anataka uhakika kama huo. Ukimwambia Ijumaa jioni, kisha pesa ifike Jumatatu, yeye tayari amekopa unga dukani na ameahidi mwalimu karo. Heshima yake mtaani imeguswa, na hiyo hairudishwi na soda ya bure. Sheria ya Ajira ya 2007 iko wazi: kibarua wa siku hulipwa siku ikiisha, wa mwezi hulipwa mwezi ukiisha. Kwa vibarua wa msimu wa maembe jambo hili lina uzito zaidi, kwa sababu mwaka ujao wataamua warudi kwako ama waende kwa jirani.

Kulipa kwa simu kunasaidia, lakini kuna namna ya kufanya. Tuma kwa laini ya mfanyakazi mwenyewe, si kwa msimamizi eti atawagawia. Hapo ndipo hamsini hamsini hupotelea, na lawama inakuja kwako. Mtu mwingine anaweza kupokea mshahara wa mfanyakazi asiyekuwepo ikiwa tu mwenyewe amekubali kwa maandishi, kwa hivyo "tumia bwanangu" iliyosemwa mdomoni haitoshi. Soma jina kwenye skrini kabla ya kuthibitisha, hata kama umemtumia mara ishirini.

Halafu kuna ile ya kutoa. Mkikubaliana shilingi 600 kwa siku na afike kwa wakala akatwe, kwake hiyo si 600. Ukiweza, ongeza ada ya kutoa. Kama huwezi, mwambie siku ya kwanza, si siku ya malipo. Kwa maoni yetu, hiki kitu kidogo huleta manung'uniko kuliko kiwango chenyewe cha mshahara.

Ujumbe wa simu unaonyesha pesa imeingia, lakini hauelezi kwa nini ni pungufu. Kama kuna advansi, sahani iliyovunjika ama makato ya serikali, mwandikie mchanganuo, hata kwa karatasi ya daftari. Makato yote kwa jumla hayafai kupita theluthi mbili za mshahara, kwa hivyo usikusanye advansi tatu ukazikata kwa mkupuo mmoja.

Na kama siku ya malipo utakuwa safarini, usimwachie msimamizi simu na namba yako ya siri. Weka salio mapema na utume ukiwa huko huko, saa ile ile mliyokubaliana. Pesa ikichelewa kweli, piga simu asubuhi kabla hawajauliza, na utaje saa itakayofika.