UZI: Hiyo Ceska "ilijifyatua yenyewe" kweli?

Kila msimu wa siasa tunaletewa video ile ile. Mkutano umechacha, viti vinaruka, mtu wa karibu na mheshimiwa anachomoa bastola, mlio unasikika, watu wanatawanyika. Kesho yake taarifa inasema silaha "ilijifyatua kwa bahati mbaya". Halafu sisi huku tunagawanyika kulingana na upande wetu, na hakuna anayeuliza ilikuwa bastola gani. Leo tuulize. Sitaji mtu wala chama, kwa hivyo msinipeleke huko.

Huku Kimana mada hii haiko mbali. Jumanne ni siku ya soko, mifugo inabadilisha mikono, na pesa nazo. Kukisikika mfanyabiashara ameporwa, lazima mtu aseme: raia tupewe bastola. Na akiulizwa gani, jibu ni moja: Ceska.

Sasa, Ceska si bastola moja. Ni ukoo mzima. Jina limetoka kwa Česká zbrojovka, kiwanda cha silaha cha Uherský Brod, nchi ya Cheki, na ndiyo maana pembeni zimeandikwa CZ. Mama wa ukoo ni CZ 75, iliyotoka mwaka 1975. Hata Jericho ya Israel, ile mnayoisikia kwenye habari za polisi wetu, ni binamu yake, ilijengwa kwa muundo huo huo.

Zote hizi ni nusu-otomatiki. Maana yake: ukivuta triga mara moja, inatoka risasi moja, na inayofuata inajipakia yenyewe kwenye chemba. Lakini haitoki mpaka uvute tena. Kwa hivyo ukisikia milio mitatu "ya bahati mbaya", kama bastola si mbovu, hiyo ni triga imevutwa mara tatu. Na kama ni mbovu, wataalamu wa silaha wa DCI wanaweza kuipima wakasema.

Tuje kwa herufi, maana hapa ndipo watu hulala.

CZ 75 ya kwanza kabisa haikuwa na kizuizi cha kushika ile pini inayogonga risasi. Ikiwa na risasi kwenye chemba, halafu ianguke vibaya, mtu anaweza kukuambia ilijifyatua na asiwe anadanganya. Ndiyo maana ikaja CZ 75 B. Hiyo B ni kizuizi. Pini imefungwa ndani mpaka triga ivutwe hadi mwisho. Ukiangusha B nzima isiyochezewa, haitakiwi kulia. Kwa hivyo swali la "ilianguka ikafyatuka" linajibiwa kwa sehemu kubwa na herufi moja iliyochongwa pembeni ya chuma. Kwa mijadala yote ambayo nimefuatilia, sijaona mtu akiiulizia.

Lakini B nayo ina ujanja wake. Kifungo chake cha usalama kinafungika tu nyundo ikiwa imevutwa nyuma. Ukitaka kuibeba nyundo ikiwa chini na risasi iko ndani, lazima ushike nyundo kwa kidole gumba, uvute triga, uishushe polepole. Kidole kikiteleza, mlio. Huyo hawezi kusema ilijifyatua, ameifyatua akiituliza. Kwa watu wa jasho na hasira, katikati ya umati, hilo ni jambo la kutisha.

Ndiyo ikaja BD, ambayo ina kijiti cha kushusha nyundo bila kugusa triga. Kwa maoni yangu, mtu akilazimika kubeba Ceska ya chuma karibu na watu, afadhali hiyo.

Zingine nitapita haraka. CZ 75 B ni ya chuma kitupu, karibu kilo moja, magazini ya risasi 16, za zamani 15. Compact ni fupi, risasi 14, inafichika kwa koti. P-01 ni kama Compact lakini fremu ni ya alumini, nyepesi zaidi. Polisi wa Cheki wenyewe waliichukua. SP-01 ni jitu: risasi 18, nzito, zaidi ya watu wa mashindano. P-07 ina fremu ya plastiki ngumu. P-10 C ya mwaka 2017 haina nyundo ya nje kabisa, imefuata njia ya Glock, na kama Glock haina kifungo cha usalama cha nje. Usalama wake umewekwa kwenye triga yenyewe na ndani ya bastola. Kidole kikikaa kwa triga, hakuna kingine cha kukuokoa.

Kuna lingine linalohusu zote nilizotaja, tafadhali lisome mara mbili. Kutoa magazini si kuondoa risasi. Ile iliyo kwenye chemba inabaki, na ukivuta triga inatoka. "Lakini nilikuwa nimetoa magazini" imezika watu majumbani, si mikutanoni tu.

Sheria je? Sheria ya Silaha, Sura ya 114, haijali sana kama ni B au BD. Inakutazama wewe. Cheti kinataja silaha unayomiliki na kiasi cha risasi, kinafanywa upya kila mwaka, na anayetoa lazima aridhike kwamba una sababu nzuri na hutahatarisha watu. Sheria hiyo ya mwaka 1953 inakataa hata walevi. Desemba 2018 serikali iliagiza wenye vyeti wote wakaguliwe upya na Bodi ya Leseni za Silaha. Katiba yetu haina haki ya kubeba silaha mahali popote. Ila Kifungu cha 37 kinatupa haki ya kukutana na kuandamana kwa amani na "bila silaha". Hayo maneno mawili ya mwisho hayasomwi sana jukwaani. Nayo Kanuni ya Adhabu ina kosa la kutembea na silaha hadharani, bila sababu halali, kwa namna ya kutia watu hofu. Hapo huhitaji hata kufyatua.

Kwa wale wa "si ni bodigadi wake": angalieni kwanza bodigadi ni nani. Kama ni raia mwenye cheti, kesi ni ya cheti hicho na polisi. Kama ni afisa wa polisi aliyepewa ulinzi huo, bastola ni ya serikali, haina uhusiano na leseni ya mheshimiwa, na akiua au kujeruhi mtu vibaya, faili inafaa kufika IPOA pia. Video ijayo ikitoka, anzeni hapo, halafu mvute picha muone kama kuna herufi B.