Mlima wa Kwale haupandwi kwa pupa

Marehemu baba yangu alikuwa na baiskeli nyeusi aina ya Black Mamba, nzito kama jiwe la kusagia, yenye keria ya chuma iliyoweza kubeba gunia zima la nazi. Kwa baiskeli hiyo alitoka Msambweni usiku wa manane, akafika Likoni alfajiri, akauza nazi zake na kurejea na unga, sabuni na mafuta ya taa. Karo pia ilitoka humo. Naweza kusema bila aibu kwamba sisi watoto watano tulisomeshwa na pedali mbili.

Mwaka wa 1987, karibu na Waa, basi lilimpita kwa karibu mno likamsukuma hadi mtaroni. Dereva hakusimama. Baba hakufa, lakini goti lake halikupona tena, na alitembea kwa mkongojo hadi mauti yalipomkuta. Tangu siku hiyo niliapa kuwa hakuna mtoto wangu atakayeendesha baiskeli katika barabara kuu ya Likoni kwenda Lunga Lunga.

Basi fikiria, mpenzi msomaji, jinsi nilivyoshtuka likizo ya Disemba 2025 kijana wangu wa Kidato cha Tatu aliponijia sebuleni na ombi lake. Miezi mitatu kabla ya hapo alikuwa amekodoa macho kwenye runinga akitazama mashindano ya dunia ya baiskeli mjini Kigali, Rwanda, ambayo yalikuwa yakifanyika barani Afrika kwa mara ya kwanza. Aliona waendeshaji wakipanda vilima vya Kigali huku umati ukiwashangilia pande zote mbili.

"Baba," akaniambia, "wenzetu wa Kigali walifungiwa barabara wapite. Mimi naomba siku moja tu. Twende wote, mimi na wewe, hadi kwa nyanya Msambweni, lakini tupitie mlima wa Kwale."

Nilikataa kwa siku nne. Siku ya tano nilijiuliza kama ni usalama wake niliokuwa nikiulinda, au ni hofu yangu mwenyewe. Nikakubali.

Safari yaanza

Fundi wetu wa mtaani alizikagua baiskeli zote mbili. Ya kijana ni ya mtumba, yenye gia na matairi membamba. Yangu niliazima kwa binamu. Fundi alikaza spoki, akabadilisha mipira ya breki na kutia cheni mafuta. Kila mmoja wetu alibeba tyubu ya akiba, pampu na chupa mbili za maji. Mama watoto alitufungia mahamri na ndizi mbivu, kisha akasema maneno machache tu: "Mwaenda wawili, mrudi wawili."

Tuliondoka Likoni saa kumi na mbili kasorobo asubuhi. Huo ndio wakati unaofaa, kwani kufikia saa nne jua la pwani halina huruma na magari yamekwisha kuwa mengi. Tulipita Ng'ombeni bado kukiwa na ubaridi. Huku kote utaona minazi, miembe, mikorosho na mihogo iliyopandwa hadi karibu na lami. Disemba ni msimu wa maembe, na kina mama walikuwa tayari wanapanga mafungu kando ya barabara.

Tulipofika Waa sikusema neno. Kijana alijua sababu. Alipunguza mwendo, akaendesha nyuma yangu kimya hadi tulipopapita mahali penyewe.

Njia panda ni Kombani. Ukinyoosha unakwenda Tiwi na Ukunda. Ukikata kulia unaelekea Kwale. Hapo ndipo tambarare inapokwisha. Barabara inaanza kwa kuinuka kidogo kidogo, kama mtu anayekudanganya, na kufikia Golini inaacha mzaha. Mji wa Kwale uko kiasi cha mita 400 juu ya usawa wa bahari, na sehemu kubwa ya kimo hicho unailipa kwa jasho katika kilomita chache za mwisho.

Mchuuzi wa samaki

Kijana, kama ilivyo desturi ya vijana, alisimama juu ya pedali akautimka mlima. Hakufika mbali. Nilimkuta ameketi chini ya mwembe, uso umemwiva, moyo ukimdunda kama ngoma ya sengenya.

Tukiwa pale alitupita mzee mmoja akikokota Black Mamba iliyofungwa kasha la samaki nyuma. Alikuwa akiwatoa pwani kuwapeleka Kwale mjini.

"Asalaam aleikum, mzee," nikamwamkia.

"Waaleikum salaam. Mwashindana na nani?"

"Hatushindani, mzee. Twafanya mazoezi."

Akacheka. "Basi mazoezi yenu yana pupa. Mlima huu naupanda tangu ujana wangu. Ukiona pumzi imekutangulia, simama uingoje." Akaendelea kukokota baiskeli yake, hatua kwa hatua, bila kutazama nyuma.

Tulimpita baadaye, akatupita tena tulipopumzika, na mwishowe tulimkuta juu amekwisha kufungua kasha na wateja wamemzunguka. Mwenda pole hajikwai.

Siri ya mlima ndiyo hiyo, na mabingwa wa dunia wanaifuata vilevile. Weka gia nyepesi kabla mlima haujakukaba, si baada ya kukukaba. Keti kitini, legeza mabega, zungusha pedali upesi upesi kwa nguvu kidogo. Ukiweza bado kuzungumza na mwenzio, mwendo wako ni sawa. Ukishindwa kumjibu, punguza.

Kijana alinikumbusha habari za Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi mwaka wa 1985, aliyefunzwa baiskeli na David Kinjah huko Kikuyu. Froome alishinda mbio za Ufaransa, Tour de France, mara nne: 2013, 2015, 2016 na 2017. Alishinda pia zile za Hispania, Vuelta a España, za 2011 na 2017. Taji la 2011 lilimfikia mnamo 2019, baada ya mshindi wa awali kupokonywa kwa kosa la dawa zilizopigwa marufuku. Katika nchi hiyo barabara hutoka kwenye mashamba ya wakulima na kupanda milimani mfululizo. Mlima Angliru peke yake una kilomita 12 na nusu za kupanda. Kando yake mlima wa Kwale ni mtoto, lakini mtoto naye hukushinda ukimdharau.

Naye Biniam Girmay wa Eritrea alishinda hatua tatu za Tour de France mwaka wa 2024 na kutwaa jezi ya kijani. Kwa hiyo kijana wa Afrika Mashariki anayeota baiskeli leo haoti jambo lisilowezekana.

Juu ya kilima

Kutoka Kwale mjini ukigeuka nyuma unaiona bahari yote imetandazwa kama shuka la buluu. Mbele yako kuna msitu wa Shimba Hills, hifadhi ya taifa tangu 1968, na mahali pekee humu nchini wanapoishi palahala porini. Ndovu pia wamo, na njia ya kwenda Kinango hupita kando ya msitu huo. Ushauri wangu ni kwamba mwenye baiskeli asiende huko alfajiri wala magharibi. Ndovu haogopi kengele.

Tulikunywa chai, tukala mahamri, tukajaza maji. Kisha tukageuza usukani kuelekea Kombani.

Wengi huogopa kupanda, ilhali hatari iko katika kushuka. Usiache baiskeli ijiendee halafu ukabane breki zote kwa ghafla. Zibane kidogo kidogo kabla ya kona, mwili ukiwa umerudi nyuma, macho yakitazama mbali. Nilimtangulia kijana makusudi, na nilimkataza kunipita. Alinuna, lakini alitii.

Kutoka Kombani tulipinda kulia, tukapita Tiwi na Ukunda. Disemba upepo wa kaskazi humsukuma anayeelekea kusini. Ukija Juni au Julai, kusi itakupiga usoni njia nzima. Gazi tulinunua madafu, tukapumzika kivulini. Saa saba tukaingia Msambweni, tukiwa tumekwenda zaidi ya kilomita 70.

Barabara ni ya nani?

Njiani nilihesabu baiskeli hadi nikachoka. Zilibeba mitungi ya maji, makuti, mkaa, maembe, na watoto wakipelekwa zahanati. Waliokuwa wakiendesha kwa kujifurahisha tulikuwa sisi wawili tu. Hata hivyo, kila gari kubwa lilipokuja, wote tulikimbilia mchangani kama kuku. Tangu 2013 hadi mgodi wa titani wa Kwale ulipofungwa mwishoni mwa 2024, malori ya madini nayo yalipita barabara hii kwenda Likoni. Malori hayo yameondoka, mwendo wa kasi umebaki.

Dereva, mwenye baiskeli hakuombi barabara yote. Anaomba nafasi ya kuyumba kidogo bila kufa. Na wewe mwendeshaji, vaa kofia ngumu na nguo ya rangi inayoonekana, endesheni mmoja nyuma ya mwingine, na usitie vidude vya muziki masikioni. Nao wanaojenga barabara wakumbuke kuwa njia ya baiskeli kando ya lami si anasa ya watalii wa Diani. Ni njia ya karo ya watoto wa Kwale.

Mamangu hakuwa ameambiwa. Alipotuona tukiingia uani alishika kiuno, akanyamaza kwa muda mrefu, na mimi nikainamisha kichwa nikingoja kukemewa. Alimwendea mjukuu wake, akainama, akampapasa magoti, la kulia kisha la kushoto. Alipoona yote ni mazima, akaitazama baiskeli.

"Baiskeli gani hii isiyo na keria?" akauliza. "Babu yako angekucheka."

Jioni tulipakia baiskeli juu ya matatu tukarejea Likoni, wawili kama tulivyoagizwa. Kesho yake asubuhi nilimkuta kijana kwa fundi, akiulizia bei ya keria.