Kinyago kimebaki, mkate umekwenda wapi?

Jumapili iliyopita mama mmoja alinisubiri nje baada ya ibada. Mwanawe amealikwa na wanafunzi wenzake kwenye sherehe ya Halloween, Oktoba 31, naye anataka kinyago cha mzimu. "Mchungaji, nikimkatalia watamcheka. Nikimkubalia, naogopa kumkosea Mungu. Nifanyeje?"

Huenda nawe una swali kama hilo nyumbani. Kabla ya kulijibu, tuijue kwanza sherehe yenyewe.

Zamani Wakelti wa Ireland walikuwa na sikukuu iliyoitwa Samhain, mavuno yakiisha na baridi ikianza. Masimulizi ya kale yanasema usiku huo ulimwengu wa roho ulikaribiana na wa walio hai. Lakini masimulizi hayo yaliandikwa na watawa wa Kikristo, karne nyingi baadaye. Kwa hiyo anayekueleza kwa uhakika kila walichofanya wapagani wale, msikilize kwa tahadhari.

Jina Halloween, kwa upande wake, ni la Kikristo. Maana yake ni mkesha wa Watakatifu Wote. Katika karne ya 8 Papa Gregori wa Tatu aliweka wakfu kikanisa huko Roma kwa heshima yao, na mwaka 835 sikukuu ya Novemba 1 ikaenezwa katika milki ya Wafranki. Baadaye Novemba 2 ikawa siku ya kuwakumbuka marehemu wote.

Ndipo Uingereza ikazuka desturi ya kubisha hodi. Maskini na watoto walipita nyumba kwa nyumba wakipewa mikate midogo, nao wakawaombea marehemu wa nyumba ile. Hata kama kanisa lako halifundishi kuwaombea marehemu, tazama kilichotokea pale mlangoni: mwenye njaa alipata mkate, na mwenye msiba alikumbukwa.

Ireland na Uskoti watu walichonga nyuso kwenye mizizi minene ya mboga na kuweka mwanga ndani. Njaa kubwa iliyoanza mwaka 1845 iliwapeleka Waireland wengi Marekani, na huko boga likachukua nafasi ya mzizi. Katika karne ya 20 wafanyabiashara wakaongeza peremende na mavazi ya kutisha. Maombi yakasahaulika, maskini akasahaulika, kikabaki kinyago.

Mpendwa, tuepuke makosa mawili. La kwanza ni hofu, kana kwamba Mungu alimwachia shetani siku moja katika kalenda. La pili ni kuiga tusichokijua. Mtume Paulo aliwafundisha Wathesalonike kupima mambo kabla ya kuyapokea (1 Wathesalonike 5:21).

Nilimjibu yule mama hivi: kinyago usinunue, lakini usimwachie mtoto "hapana" tupu. Mketishe, msimulie habari hii. Kisha fedha ya kinyago inunue mkate, na jioni hiyo mwende naye kubisha hodi kwa jirani mgonjwa au mjane. Mwache mtoto autoe mkate kwa mkono wake, kisha muombe pamoja.

Wenzake wakimuuliza alikuwa wapi usiku ule, atakuwa na la kuwaambia.

Nawe, wiki hii utabisha mlango wa nani? Jumapili njema.