Kupima Kabla ya Kununua: Namna ya Kutambua Maradhi ya Magari ya Kifaransa

Mto Msimbazi unapofurika, Barabara ya Morogoro pale Jangwani, kati ya Magomeni na Faya, hugeuka kuwa sehemu ya mto. Mafuriko ya Desemba 2011 ndiyo yanayokumbukwa zaidi, lakini hayakuwa ya kwanza wala ya mwisho. Maji yakishapungua, pembeni mwa barabara huonekana magari yaliyozimika, na kando ya kila gari watu wawili watatu wakibishana. Mmoja husema ni plagi, mwingine husema ni pampu ya petroli, wa tatu husema ni kompyuta. Mwenye gari hushika njia kwenda Kariakoo, umbali wa kutembea kwa miguu, kutafuta kifaa kilichotajwa kwa sauti kubwa kuliko vingine.

Iwapo gari ni la Kijapani, kama yalivyo magari mengi ya Dar es Salaam siku hizi, kosa hilo si ghali sana. Kifaa kisichofaa kitauzwa tena, na kinachofaa kitapatikana duka la pili. Iwapo ni Peugeot, Renault au Citroën, hesabu hubadilika. Vipuri vyake ni haba, aghalabu huagizwa kutoka nje, na kifaa cha umeme kikishafungwa kwenye gari ni nadra muuzaji kukubali kukirudisha. Mtu aweza kutumia mshahara wa miezi kadhaa kununulia vifaa gari ambalo ugonjwa wake ulikuwa waya mmoja ulioliwa na kutu. Kwa hiyo katika magari haya kutambua ugonjwa ni kazi kubwa kuliko kuutibu.

Pijo la zamani

Hapo zamani magari ya Kifaransa hayakuwa mageni nchini hata kidogo. Peugeot 404, na baada yake 504 iliyotolewa mwaka 1968, zilijulikana hadi vijijini, watu wakiziita Pijo. Mwaka 1966 na tena 1967 Bert Shankland, aliyekuwa mkazi wa Tanzania, alishinda mashindano ya magari ya Safari ya Afrika Mashariki akiendesha Peugeot 404. Mwaka 1968 mvua iliharibu njia kiasi kwamba kati ya magari 93 yaliyoanza mashindano hayo ni 7 tu yaliyofika mwisho, na la kwanza lilikuwa Peugeot 404 tena, safari hii likiendeshwa na Nick Nowicki.

Uimara ulikuwa sifa moja ya magari hayo. Sifa ya pili, ambayo mafundi waliithamini zaidi, ni kwamba yalieleweka upesi. Injini ya petroli huhitaji mambo matatu: hewa na petroli vilivyochanganywa kwa kipimo, mgandamizo wa kutosha ndani ya silinda, na cheche ya umeme inayotokea kwa wakati wake. Katika 504 kila jambo lilikuwa na kifaa chake kinachoonekana kwa macho. Kabureta ilichanganya, distributa iligawa umeme, na fundi aliweza kufungua kimoja kimoja akatazama. Gari lilipozimika majini, mara nyingi tatizo lilikuwa unyevu katika kifuniko cha distributa. Koili hutoa umeme wa volti elfu nyingi, na umeme huo ukipata utando wa maji hupita juu yake kwenda kwenye chuma badala ya kuruka kwenye plagi. Dereva alifungua kifuniko, akakifuta kwa kitambaa kikavu, akaendelea na safari.

Injini ya gari la Kifaransa la leo inahitaji mambo yale yale matatu. Jambo hili husahauliwa na watu wengi wanapoona nyaya na masanduku meusi chini ya boneti. Kilichobadilika ni mwenye kuamua. Sensa hupima joto, hewa na mwendo wa injini, hupeleka habari kwa kompyuta, na kompyuta ndiyo huamuru petroli kiasi gani imwagwe na cheche itokee lini. Habari ikiwa ya uongo, amri nayo itakuwa mbaya, ingawa kompyuta ni nzima na kila kifaa kinachopokea amri ni kizima.

Namba za makosa

Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 magari yanayotengenezwa kwa ajili ya soko la Ulaya hutunza kumbukumbu ya makosa kwa namba maalumu, na fundi mwenye kifaa kidogo cha kusomea aweza kuziona. Walakini namba ya kosa ni malalamiko ya mgonjwa tu. Mgonjwa akimwambia daktari kwamba kichwa kinamwuma, daktari hakimbilii kukipasua kichwa.

Chukua namba P0118. Maana yake ni kwamba njia ya umeme ya sensa ya joto la maji ya injini inaonyesha volteji kubwa kupita kiasi. Wengi huisoma kama amri ya kununua sensa mpya. Lakini volteji kubwa hapo hutokea pia waya ukikatika, au soketi ikiingia maji na shaba yake ikaoza, jambo la kawaida kwa gari lililopita Jangwani wakati wa mafuriko. Namba haitofautishi mambo hayo. Mita ya umeme, ambayo bei yake ni ndogo sana ikilinganishwa na ya sensa nyingi, huyatofautisha kwa dakika chache.

Sensa hii inafaa kuchunguzwa hata katika maabara ya shule. Ndani yake mna kipande ambacho ukinzani wake hupungua kadiri joto linavyopanda. Katika sensa nyingi ukinzani huwa omu elfu mbili hadi tatu kwenye nyuzi 20 za sentigredi, na hushuka hadi omu mia mbili au tatu hivi kwenye nyuzi 90. Mwalimu aweza kupata sensa ya zamani gereji, akaitumbukiza katika sufuria ya maji pamoja na kipimajoto, akawasha jiko, na wanafunzi wakaandika joto na ukinzani kila baada ya nyuzi 10, kisha wakachora grafu. Mstari watakaoupata hautanyooka, na hilo lenyewe ni somo.

Grafu hiyo hufichua ugonjwa ambao hauna namba. Sensa iliyochakaa aweza mtu kuikuta ikionyesha omu 2,000 wakati maji yanachemka. Kompyuta huisadiki, kwa kuwa omu 2,000 ni kipimo halali cha asubuhi ya Dar es Salaam. Basi huidhania injini kuwa baridi na kuizidishia petroli. Gari hutoa moshi mweusi, plagi hujaa masizi, petroli huisha upesi, na kifaa cha kusomea makosa hakionyeshi kitu. Wapo walionunua plagi, koili na vinyunyizio vya petroli kwa ugonjwa huu, na moshi ukabaki pale pale.

Dalili ile ile, ugonjwa mwingine

Mafundi wa makamo wanakumbuka kwamba Pijo la zamani likisimama katika jua kali baada ya safari ndefu lilikataa kuwaka. Petroli ilichemka ndani ya pampu na mabomba karibu na injini, ikawa mvuke, na pampu haikuweza kuuvuta. Dawa ilikuwa kitambaa chenye maji baridi juu ya pampu. Leo Renault au Peugeot ikizimika ikiwa ya moto na kuwaka tena ikipoa, wapo wanaotafuta tena kitambaa na wapo wanaokwenda kununua pampu. Lakini pampu ya gari la leo imo ndani ya tangi, nayo husukuma petroli kwa kanieneo ya mara tatu hivi ya hewa ya kawaida. Kimiminika kilichobanwa namna hiyo huchemka kwenye joto la juu zaidi, kwa hiyo ugonjwa wa zamani umekuwa nadra.

Mshukiwa wa kwanza sasa ni sensa ya mwendo wa injini, iliyofungwa karibu na gurudumu zito lililo mwisho wa krenki. Nyingi za sensa hizo zina waya mwembamba uliozungushwa mara nyingi sana. Joto huutanua, palipo na ufa hutengana, na mawimbi ya umeme hukatika. Kompyuta isipopata mawimbi hayo huamini kwamba injini haizunguki, na hukata petroli na cheche kwa pamoja. Hapo ndipo alama ya kutambulia: kukosekana vyote viwili kwa mara moja hakuelekezi kwenye pampu. Aghalabu hata sindano ya kuonyesha mizunguko haitikisiki wakati stata inazungusha injini. Fundi apime ukinzani wa sensa ikiwa baridi, na apime tena palepale gari linapozimika. Wakati mwingine hata sensa haina kosa, imejaa tope tu, na kuisafisha kunatosha.

Umeme unaopotea njiani

Magari ya Kifaransa yana sifa mbaya ya umeme. Taa huwaka zenyewe, vifuta kioo hufanya kazi kusiko na mvua, dirisha hushuka na kugoma kupanda. Katika Peugeot na Citroën kazi hizo husimamiwa na kompyuta ya pili iitwayo BSI, na shutuma zote huelekezwa kwake. Sehemu ya sifa hiyo ni ya haki, lakini si yote. Kompyuta yoyote inayopata volteji pungufu hutenda kama mtu mwenye homa. Kabla ya kuihukumu hapana budi kupima betri: ikiwa imejaa na imepumzika huonyesha volti 12.6 hivi, ikionyesha 12.0 imekaribia kuisha.

Baada ya betri hufuata ethi, yaani nyaya zinazounganisha betri na bodi na injini. Hapa kanuni ya Ohm inayofundishwa sekondari hutoka ubaoni na kuingia gereji. Stata huvuta mkondo wa ampea 200 hivi. Tuseme kutu imeleta ukinzani wa omu 0.02 tu katika waya wa ethi, kiasi kidogo ambacho mita ya kawaida haiwezi hata kukisoma vizuri. Zidisha 200 kwa 0.02: volti 4 zimepotea njiani, na stata imebakiwa na 8. Injini itazunguka kwa uzito na taa zitafifia. Kipimo sahihi huchukuliwa wakati mtu mwingine anazungusha injini, ncha moja ya mita ikiwa kwenye hasi ya betri na nyingine kwenye chuma cha injini. Ikisoma zaidi ya nusu volti, kutu ipo. Tiba ni msasa na spana.

Mkanda uliomo ndani ya oili

Yapo magonjwa ambayo ni ya injini hizi kwa asili, na si haki kumficha mnunuzi. Mashuhuri ni la injini ya petroli ya silinda 3 yenye ujazo wa lita 1.2, iitwayo PureTech, iliyoenea katika Peugeot na Citroën katika miaka ya 2010. Watengenezaji waliuweka mkanda wa kuendeshea valvu ndani ya oili. Petroli kidogo inayopenya kwenye oili, hasa kwa gari la safari fupi fupi za foleni, huulainisha mpira wa mkanda, nao hubanduka vipande vipande. Vipande huziba chujio la pampu ya oili. Taa nyekundu ya oili ikiwaka, kosa la kawaida ni kubadilisha sensa ya oili na kuendelea na safari. Injini iliyokosa oili haikai. Fundi afungue kifuniko cha kutilia oili: mkanda huonekana kwa pale ndani, na ukiwa umevimba au umeanza kupasuka uso wake, muda wake umekwisha. Toleo la baadaye la injini hiyo limepewa mnyororo badala ya mkanda.

Vijiko vitatu vya maji

Gari lililozimika majini lina hatari nyingine kubwa kuliko zote zilizotajwa. Mdomo wa kuvutia hewa katika magari mengi ya leo uko mbele na chini, na dereva akienda kwa kasi husukuma wimbi ambalo huweza kuufikia. Maji yakiingia silinda, fizikia haina huruma, kwa kuwa hewa hugandamizwa lakini maji hayagandamiziki.

Hesabu yake ni rahisi. Injini iliyotajwa juu ina sentimeta za ujazo 1,199, yaani 400 hivi kwa kila silinda. Uwiano wa mgandamizo ukiwa 10.5, nafasi inayobaki pistoni inapofika juu ni 400 kugawanya kwa 9.5, sawa na sentimeta za ujazo 42, yaani takriban vijiko vitatu vya chakula. Maji yakizidi hapo, pistoni haiwezi kumaliza safari yake, na konrodi inayoisukuma hupinda au huvunjika. Kwa injini ya dizeli ya 1.6 HDi, yenye uwiano wa takriban 18, nafasi hiyo ni sentimeta 23 tu. Vijiko viwili vinatosha na kusaza.

Mara nyingi injini iliyozimika majini bado ni nzima, na kinachoivunja ni dereva kujaribu kuiwasha mara ya pili. Kwa hiyo jambo la kwanza ni kulivuta gari hadi mahali pakavu na kufungua kichujio cha hewa. Kikiwa kikavu, uchunguzi wa umeme waweza kuanza. Kikiwa kimelowa, betri itenganishwe, na plagi zote zitolewe. Kwa dizeli zitolewe zile za kupashia moto. Oili ikaguliwe: ikiwa na rangi ya chai ya maziwa imeingia maji na imwagwe yote. Kisha injini izungushwe kwa spana, taratibu, kwa mkono. Ikikwama, mkono utahisi kabla chuma hakijavunjika.